Bhishma na kile kiapo chake

Jana usiku nimerudia tena ile sehemu ya mchezo wa dadu kwenye Mahabharata, ule utenzi mkubwa wa kale wa India, na mpaka sasa roho inaniuma. Yani Draupadi, mke wa wale ndugu watano wa Pandava, mumewe kamcheza kamari akampoteza, basi anaburutwa kwa nywele hadi barazani mbele ya wazee, na Bhishma, mzee wa ukoo na shujaa anayeheshimiwa na wote pale, yupo tu amekaa anasema mambo ya haki ni magumu kuyaelewa. Jamani! Kisa alishajifunga kutumikia kiti cha enzi cha Hastinapura, ufalme wa ukoo wao, basi hata vita vilipokuja akaongoza jeshi la Kaurava, binamu na maadui wa Pandava, siku 10 huku moyo wake uko kwa Pandava, mpaka Arjuna, mmoja wa hao Pandava, akamjaza mishale mwili mzima. Mi kwa kweli nampenda huyu mzee, ila kumuacha mkwe wao vile sijaweza kumsamehe.