Siku moja na darasa langu la ujasiriamali

Saa 11 alfajiri
Nimeamka na slaidi 42. Mada ya leo ni wateja, na jana usiku nilirundika humo kila nilichowahi kusoma: nadharia ya Sarasvathy ya kuanza na ulichonacho, visanduku 9 vya Osterwalder na Pigneur vya kuchora jinsi biashara inavyofanya kazi, mzunguko wa Kolb wa kujifunza kwa kutenda. Kabla hakujapambazuka nimeshafuta 36. Nikiwa na hofu huwa natengeneza slaidi.

Saa 2 asubuhi
Wanafunzi 60, kalamu mkononi, wanasubiri fasili. Historia naipa dakika tano: Myles Mace alianzisha kozi ya namna hii Harvard mwaka 1947, wakajiandikisha wanafunzi 188, na hadi leo walimu tunabishana kama ujasiriamali unafundishika. Mimi ubishi huo umenichosha. Kufundisha habari za ujasiriamali ni rahisi. Mtu anakariri, anafaulu. Kumwingiza katika shughuli yenyewe ndiko kunakotoa jasho, lake na langu.

Nawagawa makundi. Kila kundi likaongee na watu 5 lisiowajua, lirudi saa 5.

“Mwalimu, lakini hatujamaliza mpango wa biashara!”

“Ndiyo maana nawatoa nje.”

Saa 5
Kundi la kwanza linarudi linameremeta. Wanataka kutengeneza programu ya simu ya kuazimana vitabu, na wote 5 waliohojiwa wamesema wangeitumia. Namwomba msemaji wao daftari. Kila swali linaanza na “Je, ungependa…” Sasa nani atamkatalia kijana mwenye adabu na kalamu?

Ila pembeni mwa ukurasa, kwa herufi ndogo, kuna mstari uliokatwa: *hupiga picha kurasa za kitabu cha mwenzake*.

“Huu umeukata kwa nini?”

“Haukuwa jibu la swali, mwalimu.”

“Ukamuuliza nini baada ya hapo?”

“Nikaenda swali la nne.”

Darasa linacheka, na yeye anacheka. Nauandika mstari ule ubaoni na tunakaa nao dakika 40. Anapiga kurasa zipi? Mara ya mwisho ilikuwa lini? Simu ikijaa hufanyaje? Kidogo kidogo wanaona wenyewe kwamba “mara ya mwisho ulifanyaje” inatoa mengi kuliko “ungependa”. Mara mbili nimeuma ulimi nisiwatajie jibu. Leo sijafanya kazi nyingine ngumu kama hiyo.

Saa 8 mchana
Kikao cha idara, na mjadala ni ule ule: kundi ambalo wazo lake limekufa wiki ya tatu lipewe alama gani? Mwenzangu anataka mtihani wa mwisho ubebe asilimia 70, kwa sababu unasahihishika. Ana hoja. Shajara 60 za wanafunzi hazipigiwi alama ya vema kwa mkupuo, na msahihishaji ni mimi peke yangu. Lakini mtihani huo utamzawadia aliyekariri visanduku 9, na aliyeukata mstari wake hatajua kamwe alikata nini. Tumeahirisha, kama muhula uliopita.

Saa 10
Barua pepe. Tupite.

Saa 2 usiku
Nasoma shajara ya kumi na nne, macho mazito, simu inalia. Ni yule msemaji.

“Mwalimu, yule wa picha amekubali nikakae naye kesho maktaba nione anavyofanya. Niende na dodoso?”

“Liache. Beba daftari.”