Dakika 79 Kati ya Ngaramtoni na Rau

Nilifika stendi ya Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha, saa 11:50 alfajiri, siku ya Jumanne, Mlima Meru ukiwa bado umejifunika ukungu mpaka kiunoni, nikapanda kifodi, yaani daladala ndogo, cha kwanza kwenye foleni na kufungua daftari langu. Mama yangu mkubwa, anayeishi Rau mjini Moshi, alikuwa na miadi ya macho hospitalini saa 4 kamili asubuhi, nami nilikuwa nimemwahidi kumsindikiza. Safari yote ni kama kilomita 100. Nilijipa zaidi ya saa nne, nikaamini kuwa huo ni muda wa kutosha.

Daftari nililibeba kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo, na kwa miaka kadhaa nimewatunzia vitabu vya hesabu wamiliki watatu wa magari ya abiria hapa Arusha. Kwa hiyo kila nipandapo gari, mawazo yangu hukimbilia kwenye fedha: nani anampa nani, lini, na kwa kipimo gani. Mwaka mzima nimekuwa nikisoma jinsi miji mingine ilivyobadilisha usafiri wake, na asubuhi hiyo nilitaka kupima jambo moja tu, nalo ni muda ambao abiria huutumia akiwa amekaa ndani ya gari lisilotembea.

Abiria tulikuwa wanne. Konda aliita mjini, mjini, huku dereva akikanyaga mafuta mara kwa mara, gari likinguruma na kusogea hatua mbili mbele kisha kurudi palepale, ili sisi tuliokaa tuamini kuwa tunaondoka na wanaopita nje waogope kuachwa. Tuliondoka saa 12:14. Niliandika: dakika 24.

Msomaji wa Arusha hahitaji kuelezwa kwa nini tulisubiri, lakini nitawaeleza wengine. Dereva wa daladala kwa kawaida hana mshahara. Kila jioni humpelekea tajiri, yaani mwenye gari, kiasi kilekile cha fedha kinachoitwa hesabu, mvua inyeshe au jua liwake. Mafuta, chakula cha siku na ujira wa mpiga debe hutoka mfukoni mwake, na kinachobaki baada ya hayo yote ndicho anachogawana na konda. Kuondoka na viti vitupu ni kuondoka na hasara yake mwenyewe. Nimeziandika hesabu hizo kwa mkono wangu kwa miaka mingi, na katika vitabu vyangu hakuna safu hata moja ya muda wa abiria, kwa kuwa muda huo haumgharimu kitu yeyote kati ya wale wanaonilipa.

Tulipofika Sakina palikuwa na wanafunzi kama kumi na wawili kando ya barabara, wamevaa sare na masweta, mikono imenyooshwa. Gari lilipunguza mwendo, konda akawachungulia, akapiga bati mara mbili, tukapita. Mwanafunzi hulipa nauli ndogo iliyopangwa na serikali, na kwa dereva anayetafuta hesabu mtoto huyo ni kiti kilichokaliwa kwa nusu ya bei au chini yake. Nilimwambia konda, kwa upole, kwamba viti viwili vilikuwa wazi. Akanijibu kwa heshima, “Mama, wale wakipanda wawili, mimi leo sili.” Sikuwa na la kumjibu, maana hakusema uongo. Kilichoniuma ni kwamba wanangu walisimama kando ya barabara hiyohiyo miaka kumi iliyopita, na hesabu ya wakati huo ilikuwa na sura hiyohiyo.

Hapo ndipo nilipoikumbuka Jakarta. Mji mkuu huo wa Indonesia una magari madogo yanayoitwa angkot, ambayo mtu wa Arusha angeyatambua mara moja: mwenye gari mmoja, dereva anayedaiwa kiasi cha kila siku, kusubiri abiria wajae, kugombania vituo. Mwaka 2004 mji ulianzisha mabasi ya TransJakarta yenye njia zake pekee, na leo mtandao huo ndio mrefu kuliko yote ya aina yake duniani, zaidi ya kilomita 200. Lakini kilichonivutia mimi kilikuja baadaye, kuanzia mwaka 2018, pale walipoacha kuyafukuza magari madogo na badala yake wakayaingiza katika mfumo mmoja. Wamiliki hujiunga katika vyama vya ushirika, vyama hivyo hufunga mkataba na TransJakarta, na malipo hutolewa kwa kila kilomita ambayo gari limetembea kwenye ruti yake. Abiria hugusisha kadi, dereva hupokea mshahara, na gari huondoka hata kama limebeba watu watatu. Katika mpango wa namna hiyo mwanafunzi si hasara ya mtu yeyote. Konda wa Sakina angempandisha bila kufikiri mara mbili, kwa kuwa chakula chake cha jioni hakingetegemea nauli ya mtoto.

Tuliingia Kilombero saa 12:50. Soko lilikuwa limekwisha kuamka, mikokoteni ya ndizi na viazi ikikata barabara mbele ya magari, bajaji zikipenya kila palipokuwa na upenyo. Nilitembea kwa dakika 10 hadi stendi ya mabasi, nikakuta Coaster ya Moshi ina watu karibu nusu. Wapiga debe wawili walinishika mkoba, kila mmoja akinivuta kwenye gari lake. Jambo hili lina jina huko Bogotá, Kolombia: waliliita vita vya senti, yaani madereva kugombania abiria mmoja mmoja mpaka kuhatarisha maisha yao. Mfumo wa TransMilenio ulipoanza Desemba 2000, chini ya meya Enrique Peñalosa, njia za mabasi zilitengwa na vituo vikajengwa, na pamoja na hayo waendeshaji wakaanza kulipwa kwa kilomita. Watu wengi husifu zege na vituo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyoonekana kwenye picha. Mimi nadhani mkataba ndio uliovimaliza vita vile kwenye barabara za TransMilenio.

Coaster iliondoka saa 1:38. Dakika nyingine 38.

Nilipata kiti cha mbele karibu na dereva, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Barabara pana ya kutoka Sakina hadi Tengeru ilituvusha mji kwa wepesi, ingawa baada ya hapo tulirudi kwenye njia mbili na kuanza kusimama kila penye mtu: Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, King'ori. Alipoona naandika saa kwenye daftari aliniuliza kama natoka LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu. Nilicheka, nikamweleza kazi yangu na ninachokipima. Alinyamaza mpaka tukapita njia panda ya uwanja wa ndege, kisha akasema, “Mama, watu hudhani tunapenda kusubiri. Mimi nina tajiri wangu, na tajiri naye ana mkopo. Nikichelewa kufika ni hasara ya abiria mmoja mmoja, nikipungukiwa hesabu ni hasara yangu peke yangu.”

Nilimweleza habari za Seoul. Tarehe 1 Julai 2004 mji huo wa Korea Kusini ulibadilisha mabasi yake yote kwa mara moja: serikali ya mji ilichukua upangaji wa ruti na kukusanya nauli zote, kampuni binafsi zikabaki na mabasi yao na kulipwa kulingana na kilomita, mabasi yakapakwa rangi nne kulingana na kazi yake, na nauli ikaanza kuhesabiwa kwa umbali wa safari nzima, hata abiria akibadilisha basi au kuingia kwenye treni ya chini ya ardhi. Siku za kwanza mashine za kadi zilisumbua na watu wakakasirika sana, lakini mfumo ulitulia na mpaka leo unafanya kazi. Dereva alisikiliza kwa makini. Alichotaka kujua ni kimoja: kama kule mwenye gari alinyang'anywa gari lake. Nilimwambia hapana, alinyang'anywa tu haki ya kuamua saa ya kuondoka. Akatikisa kichwa polepole, na sikuweza kutambua kama anakubali.

Nisingependa msomaji afikiri kwamba kubadilisha mfumo ni jambo la kutia saini tu. Santiago, mji mkuu wa Chile, ulijaribu vivyo hivyo Februari 2007. Ruti za zamani zilifutwa na mpya zikaanza, mabasi hayakutosha, njia zake pekee zilikuwa hazijajengwa, watu wakasongamana vituoni na kwenye treni hadi rais Michelle Bachelet akawaomba radhi wananchi hadharani. Leo mji huohuo una mabasi ya umeme zaidi ya 2,000, lakini njia ya kufika hapo ilipita kwenye mateso ya watu ambao hawakuulizwa. Na Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, walifungua treni nyepesi ya mjini mwaka 2015, kazi kubwa ya kujivunia, na baada ya miaka michache sehemu kubwa ya treni zilikuwa zimeegeshwa kwa kukosa vipuri. Chombo kizuri bila fungu la matengenezo hugeuka deni, na hilo mhasibu yeyote wa stendi analijua.

Tulisimama Bomang'ombe kwa muda mrefu. Akina mama walikuja madirishani na ndizi mbivu na karanga, na gari lililokuwa nyuma yetu likatupita likiwa limejaa kuliko letu. Niliwaza kuhusu mabasi ya umeme, maana watu hapa huyazungumzia sana. Shenzhen nchini China ilikamilisha kubadilisha mabasi yake yote, zaidi ya 16,000, kuwa ya umeme mwishoni mwa mwaka 2017. Dakar, mji mkuu wa Senegal, ilianza mwaka 2024 kuendesha mabasi ya umeme kwenye njia yake pekee ya kilomita 18.3, kutoka Guédiawaye hadi katikati ya mji. Nairobi, ambako mtu akitoka Arusha asubuhi hufika mchana, kuna kampuni ya BasiGo inayowapa wamiliki wa matatu, yaani daladala za huko, mabasi ya umeme na kuwatoza betri na chaji kwa kilomita. Nafurahia habari hizi kwa dhati, kwa kuwa moshi wa dizeli katika stendi zetu nauvuta kila siku. Ila basi la umeme likikaa dakika 38 stendi likisubiri abiria, dakika hizo hazipungui hata moja.

Kwetu Tanzania mfano upo tayari. Mwendokasi wa Dar es Salaam ulianza Mei 2016 kwenye njia ya kilomita 21 hivi, na mwaka 2018 jiji hilo lilitunukiwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Kwa mtu aliyekuwa akitoka Kimara kwa saa mbili na zaidi, njia ile ilikuwa ukombozi. Arusha na Moshi hazina ukubwa wa kudai zege la namna ile leo. Zina, hata hivyo, magari ya kutosha, ruti zinazojulikana kwa mistari ya rangi ubavuni, na vyama vya wamiliki vinavyokutana. Ndiyo maana naitazama Jakarta kuliko Bogotá. Dakar nayo, kabla ya mabasi yake ya umeme, ilianza mwaka 2005 kuwakusanya wamiliki wa mabasi madogo katika vikundi na kuwawezesha kukopa kwa pamoja ili kuondoa magari chakavu. Kukopa kwa pamoja ni kazi ambayo chama changu hufanya kila Ijumaa.

Tulivuka daraja la Kikafu, Kilimanjaro ikafunguka upande wa kushoto kwa dakika chache kisha ikafunga tena, tukaingia stendi ya Moshi saa 3:34. Dereva alinishusha mwenyewe na kunionyesha daladala za Rau. Nilikaa ndani ya moja kwa dakika 17. Katika dakika hizo mama mkubwa alipiga simu mara mbili. Mara ya tatu alipiga jirani yake, akaniambia wameona wasiendelee kuningoja, wamechukua bajaji.

Nilishuka Rau saa 4:11, mlango ukiwa umefungwa na ufunguo chini ya chungu cha maua. Nilikaa kibarazani nikajumlisha: dakika 261 tangu stendi ya Ngaramtoni, na kati ya hizo 79 zilikwenda kwenye magari yaliyosimama yakisubiri kujaa. Kama ningepata hata nusu yake, ningemshika mama mkubwa mkono akipanda ngazi za hospitali. Alirudi saa 8 mchana, jicho moja limefungwa bandeji, akanipokea kama mtu ambaye hakukosewa. Nilipoanza kuomba msamaha alinikatiza: “Mwanangu, gari halikuwa lako.”

Jioni, kabla sijarudi, nilimpigia simu mmoja wa wale wamiliki watatu. Nilimwomba aniruhusu, kwa wiki moja tu, kuongeza safu mbili katika kitabu cha Hiace yake ya Ngaramtoni: kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi kila asubuhi na jioni, na dakika ambazo gari linasimama likisubiri. Aliniuliza zitamsaidia nini. Nilimwambia tutazigawanya gharama zake zote kwa kilomita, tujue gari lake linahitaji kulipwa shilingi ngapi kwa kila kilomita ili mkopo ulipike na dereva apate mshahara wa mwezi, na takwimu hiyo tuipeleke kwenye kikao cha wamiliki wenzake. Alikaa kimya kidogo, nikasikia watoto wake wakicheza nyuma yake.

“Anza Jumatatu,” alisema. “Dereva nitamwambia mwenyewe.”