Klima ya shemeji: kitobo kimepatikana

Kwenye saluni ya nywele ya shemeji, huku Katuba, Lubumbashi, kuna klima (mashine ya kupoza hewa) ya zamani, inayotumia gesi ya R22. Kila msimu wa joto fundi anakuja, anaongeza gesi, analipwa, anaenda. Lakini gesi haiishi kama makala ya kupikia kwenye mbabula. Inazunguka mlemle miaka na miaka. Ikipungua, kuna mahali inatoka. Nilimwambia: "Shemeji, siongezi kitu mpaka nione kitobo."

Jumamosi. Gesi iliyobaki nimeivutia kwenye chupa, sikuiachia hewani. R22 inakula ozoni, na kilo moja yake inapasha dunia joto kama kilo 1,810 za kaboni dayoksidi. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zetu zinatakiwa kuiacha karibu yote ifikapo 2030, kwa hiyo itazidi kuwa adimu.

Mchana huo nikajaza azoti (nitrojeni) kavu, presha ya bar 15, nione kama itashuka. Azoti, jamani, si oksijeni ya kuchomelea! Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta ya kompresa, inalipuka.

Jumapili alfajiri geji inasoma 14. Nilikuwa karibu kubomoa kila kitu, halafu nikakumbuka tuko mwezi wa saba: jana mchana nyuzijoto 27, usiku 8. Baridi peke yake inashusha bar nzima. Nikangoja. Saa nane mchana, joto lilelile la jana, mshale ukasimama 14.8. Basi hizo 0.2 ndizo zilizotoka kweli.

Nikazunguka nyuma ya mashine ya nje. Nati moja ya bomba jembamba ilikuwa na pete ya vumbi jekundu lililoganda, wakati nyingine zote vumbi lake linapeperuka ukipuliza. Gesi hutoka na mafuta, mafuta hushika vumbi. Nikapaka povu la sabuni: kipovu kimoja, kidogo kama punje ya mtama, kikavimba polepole. Mdomo wa bomba ulikuwa umepasuka. Aliyekaza nati alikaza kupita kiasi.

Jumatatu nilikata kipande, nikapanua mdomo upya, nikarudisha bar 15. Muuza vipuri akanishauri niweke gesi ya propani, ni rahisi. Nimekataa. Inawaka, na swichi za mashine hii hazikutengenezwa kwa gesi inayowaka, tena ndani ya saluni yenye pasi za nywele.

Leo Jumanne, joto lilelile: 15, haijasogea. Nangoja pampu ya vakumu, ya kunyonya hewa kabla ya kurudisha gesi, ya yaya (ndugu mkubwa) mmoja wa komini ya Kenya, hapa hapa Lubumbashi.