R inatosha, ndugu zangu wa Kusini

Msimu huu nimechambua madaftari ya mavuno ya korosho ya wakulima wa Tandahimba na Newala: kilo kwa kila shamba, umri wa mikorosho, nani alipulizia salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga na lini. Kazi yote nimeifanya kwa R, programu ya bure ya kuchambua takwimu kwa kuandika amri, kwenye laptop ya zamani. Ukishapakua programu na vifurushi vyake (nyongeza za kazi maalumu, si bando), intaneti huihitaji tena. Mtandao ukikatika, wewe unaendelea.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kila hatua imeandikwa. Bwana shamba akiuliza, "Huu wastani umeupataje?", namfungulia mstari wenyewe tunausoma pamoja. Kwenye programu za kubofyabofya, nani atakumbuka alibofya wapi? Halafu nilipochora grafu kwa ggplot2, kifurushi cha R cha kuchorea, mashamba machache yenye mavuno makubwa mno yakajitokeza juu kabisa kama nukta. Ndiyo yaliyokuwa yanauvuta wastani. Tukaweka na mediani, yaani namba ya katikati ukipanga mavuno kwa ukubwa, kwenye ripoti, na wakulima wakasema hapo sasa wanajiona.

R ilianzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman, Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand. Toleo 1.0.0 lilitoka Februari 29, 2000. Leseni yake ni GNU GPL, leseni ya programu huria, kwa hiyo kumnakilia mwenzako ni halali kabisa. Wanafunzi wetu hawana sababu ya kuhangaika na programu za wizi zilizojaa virusi.

Uko Mtwara mjini au Lindi? Njoo na flashi, nikuwekee R na vifurushi vyake.