Kitabu kimoja, nyumba nzima: kumbukumbu ya mradi wangu wa kusoma, Temeke

Mradi wenyewe ni huu. Kila nikipata nafasi natafuta kitabu kimoja cha Kiswahili kwa pesa kidogo, nakisoma, kisha kinazunguka kwenye nyumba yetu ya kupanga hapa Temeke, chumba kwa chumba, mpaka kila aliyekitaka awe amekisoma au amesomewa. Baada ya hapo naandika kwenye daftari hili kilichotokea. Nilianza mwishoni mwa mwaka jana, na sasa majirani wa nyumba za pili wanaulizia, kwa hiyo naona bora niweke mambo yote mahali pamoja.

Kwanza pesa, maana ndiyo inayotajwa kila siku. Watu husema vitabu ni ghali. Kitabu kipya ni ghali kweli, sibishi. Lakini wauza vitabu vilivyotumika, wale wanaotandika turubai kando ya barabara mjini kati, ukiinama na kupekua kwa subira utapata riwaya kwa shilingi 2,000 au 3,000. Chini ya rundo la vitabu vya uhasibu na vya mitihani ndiko riwaya zinakojificha. Bando la pesa hiyohiyo linaisha kabla wiki haijaisha. Kitabu kinabaki, na kikishasomwa na watu watano, gawanya mwenyewe uone kila mmoja kimemgharimu kiasi gani.

Muda nao upo. Mimi nasoma kwenye daladala nikipata siti, asubuhi foleni inaposimama, na jioni barazani kabla giza halijaingia. Mama Rehema wa chumba cha mbele anasoma maharage yakiwa jikoni. Hakuna anayekaa saa nzima amejifungia na kitabu, na vitabu vinaisha.

Januari

Kitabu cha kwanza kuzunguka kilikuwa *Kuli* cha Adam Shafi, toleo la zamani la Tanzania Publishing House, lile la 1979. Nilifurahi kukipata kuliko ninavyoweza kueleza. Ni habari ya Rashidi, kijana wa Unguja anayeingia kwenye kazi ya ukuli bandarini, na nyuma yake kuna jambo lililotokea kweli: mgomo wa wafanyakazi wa Zanzibar wa 1948. Nilikichagua kwa makusudi. Baba Shabani wa chumba cha uani amebeba mizigo bandarini miaka mingi, na nilitaka kitabu cha kwanza kiwe cha mtu kama yeye.

Alikichukua Ijumaa. Jumapili akaja kugonga mlango wangu, kitabu mkononi, kidole kikiwa kati ya kurasa. Alitaka kuniambia jinsi gunia linavyopandishwa begani, mguu upi unatangulia kwenye ubao, na kwa nini mtu mgeni huumia kiuno siku ya kwanza. Tukasimama pale mlangoni hadi adhana ya magharibi. Mwaka mzima tulikuwa tukisalimiana tu, "Habari za kazi?" "Nzuri," basi.

Tatizo la kitabu kile lilikuwa mgongo. Gundi ilikauka zamani na kurasa zilikuwa zikitoka moja moja. Kitabu cha namna hiyo kikipita mikono mitano kinarudi pungufu, kwa hiyo kabla sijakitoa nilikitengeneza. Naeleza kwa kirefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo mradi unaposimama au kuanguka: vitabu vya bei ya chini karibu vyote vina ugonjwa huu.

Jalada nalitoa taratibu. Gundi ya zamani naikwangua kwa kisu butu mpaka mgongo ubaki karatasi tupu. Kurasa nazipanga kwa namba, nazigonga mezani kila upande zilingane, kisha nazibana kati ya vipande viwili vya mbao huku mgongo umechungulia kidogo juu. Kwa msumeno wa chuma nachora mifereji midogo mitano au sita kukatisha mgongo, kina chake kisizidi unene wa njiti ya kiberiti. Kwenye kila mfereji nalaza uzi mnene wa kushonea viatu, halafu napaka gundi nyeupe ya mbao mgongo mzima, nahakikisha imeingia ndani ya mifereji. Juu yake nabandika kipande cha kanga kuukuu kinachozidi mgongo sentimita mbili kila upande. Tofali juu, usiku kucha. Asubuhi narudisha jalada na kulivalisha karatasi ya kaki, kama madaftari ya shule.

Seloteipu siigusi. Inageuka njano, inakakamaa, na siku ikibanduka inaondoka na maandishi. Gundi ya uji wa unga wa ngano nayo inashika vizuri, lakini mende wanaipenda, na kwa nyumba zetu hizi hiyo ni kuwaalika.

Machi

Mwezi huu mradi ulibadilika, na mabadiliko hayakutoka kwangu.

Kitabu kilikuwa *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Mohamed Said Abdulla, riwaya iliyoshinda mashindano ya uandishi ya 1957 hadi 1958 na kuchapwa 1960. Ndiyo iliyomleta Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja na kiko chake. Bibi Mwanaidi, mama yake mwenye nyumba, macho yake sasa hayaoni herufi ndogo. Akaniambia, "Mwanangu, nyie mnapeana vitabu, mimi mnaniacha na nani? Nisomee."

Nikaanza kumsomea barazani baada ya kula. Siku ya pili watoto wakasogea. Siku ya tatu Mama Rehema akaleta mkeka, na yule fundi simu wa chumba cha tatu, ambaye sijawahi kumwona na kitabu, akavuta ndoo akaketi. Riwaya ya upelelezi ina raha ya pekee ikisomwa kwa sauti, kwa kuwa kila mtu ana mshukiwa wake. Nikifika mwisho wa sura nafunga, na mabishano yanaanza: nani muongo, nani alikuwa wapi, mbona fulani alinyamaza. Bibi alikuwa anasikiliza hadi wote wanyamaze, kisha anauliza swali moja ambalo linawarudisha nyuma sura mbili.

Usiku mmoja akatuambia kwamba kusoma namna hii si kugeni kwake. Mwaka 1973, akiwa binti kijijini, walikuwa wakikusanyika kwenye kikundi kusikiliza redio, kampeni ya Mtu ni Afya. Kiongozi wa kikundi alikuwa na kijitabu, anasoma, redio inazungumza, halafu wanajadili: choo kichimbwe wapi, maji yachemshwe vipi, kisha wanakwenda kufanya. Kampeni ile ilifikia watu wapatao milioni mbili nchi nzima. Serikali ilikuwa imeutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na wengi waliokaa kwenye vikundi vile walikuwa ndiyo kwanza wanajifunza kusoma. Bibi aliijua herufi yake ya kwanza akiwa mtu mzima, chini ya mwembe, kwa kijitabu kimoja cha kikundi kizima.

Nimeifikiria sana habari ile. Tumezoeshwa kuamini kwamba kusoma ni jambo la mtu peke yake, kila mtu na nakala yake, na ndiyo maana tunaona gharama. Hapa uswahilini nakala moja na sauti moja inatosha watu kumi. Tangu Machi, kila kitabu kinachoingia nyumbani kina njia mbili: kinazunguka kwa wanaotaka kusoma wenyewe, na kinasomwa barazani kwa wanaotaka kusikiliza. Zamu za kusoma tunapokezana. Binti wa Mama Rehema, wa darasa la sita, ndiye anayesoma vizuri kuliko sisi wote. Anajua kushusha sauti pale panapotakiwa.

Mei

Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Jengo lilifunguliwa 1967 na bado ni mahali pazuri pa kukaa na kitabu mjini, hasa msimu wa mvua. Sheria inawataka wachapishaji wapeleke pale nakala za vitabu wanavyochapa hapa nchini, kwa hiyo riwaya isiyopatikana tena sokoni una nafasi ya kuikuta pale. Nilikwenda na watoto watatu wa nyumbani. Muda mwingi walibaki upande wa watoto, wakawa hawataki kuondoka.

Juni

*Wasifu wa Siti binti Saad* cha Shaaban Robert. Hiki nilikiwekea mpango. Siti, mwimbaji wa taarabu, alizaliwa Fumba, Unguja, yapata 1880, katika familia ya wafinyanzi, na alikuwa akitembeza vyungu kuuza kabla sauti yake haijamfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Usiku wa kusoma tuliazima spika ya fundi simu, na kila tulipofika mahali panapozungumzia uimbaji wake tulisimamisha kusoma na kupiga rekodi zake za zamani. Zina mchakacho, ala inasikika kwa mbali, lakini sauti ipo.

Kwenye wimbo wa Kijiti, Bibi Mwanaidi aliufuatisha mstari kwa mstari. Watoto walinyamaza kabisa. Wimbo ule unahusu kifo cha mwanamke na aliyemuua akakwepa hukumu, na Mama Rehema akauliza ilikuwaje mwimbaji, mwanamke, tena wakati ule, akathubutu kuimba jambo hilo hadharani. Tulilizungumza hilo mpaka taa za jirani zikazimwa. Nafikiri Shaaban Robert angependa kuwapo.

Agosti

Kitabu kipya cha kwanza. Tulichangishana, kila chumba kwa uwezo wake, tukanunua *Peponi*, tafsiri ya *Paradise*, riwaya ya Kiingereza ya Abdulrazak Gurnah. Ida Hadjivayanis ndiye aliyeitafsiri, na Mkuki na Nyota wakaichapa 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Tuzo ya Nobel. Nilisisitiza tununue dukani, tusisome nakala ya kupiga picha inayorushwa kwenye magrupu. Kutafsiri kitabu kama kile ni kazi ya miaka, na tukitaka kuona vingine kwa lugha yetu lazima nasi tutoe chetu. Pesa ya mchango haikumuumiza yeyote.

Usomaji wake ni wa polepole. Safari ya Yusuf, mhusika mkuu, kwenda bara ina majina ya mahali mengi, na tuliibandika ramani ya Tanzania ukutani, watoto wakawa wanaifuata njia kwa kalamu ya risasi. Baba Shabani hakukimaliza. Alisema hakimvuti, akarudia *Kuli*. Sawa kabisa, hakuna mtihani hapa.

Hali ilivyo sasa

Rafu ipo kwenye korido, mbao mbili juu ya matofali, mbali na ukuta ili unyevu usipande. Ndani ya kila kitabu kuna karatasi ambapo msomaji anaandika jina la chumba chake na tarehe ya kukirudisha. Vitabu viwili havijarudi, vyote najua viko wapi, na waliovichukua wanavisoma. Nyumba ya nyuma yetu wameomba kuanza mzunguko wao, nami nimewaahidi kuwafundisha kutengeneza migongo Jumamosi hii, waje na uzi na kanga zao kuukuu.

Kwa baraza ya mwezi ujao kura zimegawanyika. Watoto wanataka Bwana Msa mwingine. Mama Rehema anataka riwaya ya Kezilahabi. Fundi simu, tangu usiku ule wa spika, anataka mashairi yasomwe na kuimbwa, na Bibi amesema akipewa nafasi ataimba yeye. Nimeanza kupekua turubai za mjini kutafuta diwani ya bei yetu.