Mnara wa mjomba, na watu wa "tafuta nguzo nene"

Ukimwambia mtu Nairobi kwamba unajenga mnara wa mbao wa kutazamia mandhari, ushauri ni ule ule: tafuta nguzo nene. Fundi wa kwanza aliniambia hivyo. Jirani akarudia. Hata dereva wa lori la kokoto alishuka kunielimisha. Mimi hutengeneza vitanda na mageti kando ya barabara ya Ngong, minara sijui, kwa hiyo nikaamini.

Mnara ni wa mjomba wangu. Ana shamba dogo Lang'ata, migunga na nyasi tupu, na tangu astaafu anataka kitu kimoja tu: anywe chai ya jioni akitazama jua likizama nyuma ya vilima vya Ngong. Ukisimama chini huoni ila mikaratusi ya watu. Akataka futi 40. "Mpwa wangu, usinijengee kitu cha kuniaibisha."

Hapa nitajisifu. Kabla ya kuchora chochote nilinunua mianzi mitatu, nikaiunga kwa vipande vya tyubu, nikafunga simu kwenye ncha ikirekodi. Tukawa tunainua kidogo kidogo, mimi nikipiga kelele "kumi na nane!", "ishirini na mbili!" ili simu inase sauti. Askari wa jirani alitujia mbio na rungu, akidhani tunamchungulia bosi wake. Tulipotazama video: futi 18, tangi la maji la jirani. Futi 22, tangi lile lile, sasa na antena. Futi 26, vilima vyote, vimepangana kama vifundo vya ngumi. Na simu pale ni jicho la mtu, si nyayo zake. Toa futi 5, sakafu ikaja futi 21. Karibu nusu ya mbao za mjomba ikabaki dukani kwa gharama ya mianzi mitatu.

Baada ya ujanja huo wote, nikaharibu. Nilisimamisha nguzo nne nene kweli kweli, nikazifunga kwa mbao za kulala na misumari ya inchi 6, nikatandika sakafu ya muda kwenye futi 10. Mjomba hakungoja. Akapanda na kikombe chake. Aligeuka tu kumwita mbwa, mnara mzima ukaenda kushoto, ukafikiri, ukarudi kulia. Chai yote ikaishia kwenye shati. Hakunigombeza. Alishuka kinyumenyume, akakung'uta shati, akasema, "Hii ni bembea."

Usiku ule nilijenga mnara mdogo mezani kwa vijiti vya mishikaki. Ukisukuma umbo la pembe nne kwa kidole, linalala. Weka kijiti cha mshazari, kutoka kona hadi kona ya mkabala, na pembe nne inakuwa pembetatu mbili, na pembetatu hailali mpaka kijiti kivunjike. Nikaweka mishazari pande zote nne, nikapakia kopo la maziwa ya unga, kisha kamusi. Kimya. Kilichoniuma ni kwamba sijawahi kutengeneza geti la mbao bila mshazari, na hata mtoto wa karakana anajua ni wa kuzuia geti lisilegee. Nguzo nene!

Tukaanza upya. Nguzo nyembamba zaidi, miguu imetanuka futi 12 chini na 8 juu, mishazari kila ghorofa, na misumari ikafukuzwa. Mbao inayotikisika hupanua tundu la msumari kila siku. Tulitumia bolti za milimita 16 zenye washa pana. Pesa iliyoingia hapo ingeninunulia mbuzi wawili, labda na wa tatu mgonjwa.

Udongo wa kule ni ule mweusi. Februari unapasuka hadi mkono unaingia, mvua za Machi zikija unavimba na kuinua chochote kilichokaa juu yake. Kwa hiyo tulichimba mpaka tukagonga jiwe. Juu ya saruji kila mguu umevaa kiatu cha chuma, nguzo isiguse chini. Nguzo ikisimama kwenye maji huyanywa kupitia ncha.

Nguzo zenyewe ni mikaratusi iliyotiwa dawa, kama za stima. Lakini dawa haifiki moyoni. Ukikata au kutoboa, paka dawa tena pale pale, la sivyo umemfungulia mchwa mlango. Siku ya pili nilimkuta kijana mmoja ameweka sufuria ya chai juu ya moto wa vipande vilivyobaki, vile vya kijani. Dawa hiyo ina aseniki! Nilimwaga ile chai, na sijasamehewa mpaka leo.

Kibali na mhandisi wa kupiga muhuri, fuatilia mapema. Ukingo tuliuweka wa mita 1.1, fito zikiachana chini ya sentimita 10, maana wajukuu wa mjomba huingiza vichwa popote.

Sasa anapanda kila jioni, na kikombe kimejaa hadi ukingoni, makusudi, anijaribu. Wiki jana amenipigia simu anataka paa la mabati. Nimemwambia mabati kule juu ni tanga la jahazi, aningoje nipime tena mishazari. Vijiti vya mishikaki nimeshanunua.