Mkataba wa Washington kwa vipande vya mbao: kumbukumbu ya mradi wangu

Wiki ya 1. Nimeanza kuuweka mezani Mkataba wa Washington wa mwaka 1922, ambao kwa huo Marekani, Uingereza, Japani, Ufaransa na Italia zilikubali kuwekewa kikomo cha manowari kubwa. Kila kipande cha mbao ni tani 5,000. Kwa kipimo hicho Marekani na Uingereza zinapata vipande 105 kila moja, Japani 63, Ufaransa na Italia 35 kila moja. Fundi seremala wa mtaani alinipa mabaki ya mbao bure, akidhani ninawatengenezea watoto kitu cha kuchezea, nami sikumsahihisha.

Wiki ya 3. Vipande vyote 343 vimekatwa na kupakwa rangi. Vikipangwa kwa safu, Japani inaonekana imepunjwa; wajumbe wake walitaka 7 kwa 10 dhidi ya Marekani, lakini Wamarekani, waliokuwa wakizisoma telegramu za siri za Tokyo, walijua kwamba serikali yake ingeridhika na 6 kwa 10, wakashikilia hapo. Hata hivyo, nilipovihamishia kwenye ramani na kuvigawa vya Marekani na Uingereza katika bahari zaidi ya moja, huku vya Japani vikibaki pamoja katika Pasifiki, picha iligeuka. Tena mkataba ulizuia ngome mpya katika Ufilipino, Guam na Hong Kong. Kwa maoni yangu, maofisa wa Japani waliolalamika walipata zaidi ya walivyokiri.

Wiki ya 6. Nimeharibu ubao mmoja. Nilikuwa nikichonga manowari Nelson ya Uingereza, yenye urefu wa sentimita 22 hivi kwa kipimo changu, na kwa mazoea nikaiwekea mizinga nyuma, ilhali mizinga yake yote tisa ya inchi 16 iko mbele ya mnara wa uongozi. Wasanifu waliikusanya hivyo ili deraya nzito ifunike eneo fupi na meli isizidi tani 35,000, zilizohesabiwa bila mafuta wala maji ya akiba ya boila. Nelson na mwenzake Rodney ziliruhusiwa kujengwa kama fidia, kwa sababu Japani ilikataa kuivunja manowari yake Mutsu.

Wiki ya 8. Lexington ilikwenda vizuri. Msasa mwingi tu. Gamba lake lilianzwa kama la manowari ya mizinga, likaokolewa kwa kugeuzwa kuwa meli ya kubeba ndege. Yeye na meli mwenzake Saratoga, kwa tani 33,000 kila moja, walimeza karibu nusu ya tani 135,000 ambazo Marekani iliruhusiwa kwa aina hiyo.

Wiki ya 9. Nimekwama kwenye kruza, yaani meli za kivita za ukubwa wa kati. Mkataba ulisema kila moja isizidi tani 10,000 na mizinga ya inchi 8, lakini haukuweka jumla, kwa hiyo sina idadi ya kukata, na ni katika pengo hilo hilo mashindano yalihamia. Mkutano wa Geneva wa 1927 ulivunjika kwa suala hilo. Nitatumia Mkataba wa London wa 1930, kipande kimoja kwa kila kruza nzito: Marekani 18, Uingereza 15, Japani 12. Ufaransa na Italia hazikuikubali sehemu hiyo, na visanduku vyao nimeviacha vitupu.